Chaneli 100 za HD, je zinakusaidia? Majibu ya maswali yenu ya dishi na kebo

Maswali yenu yamekuwa mengi na karibu nusu yake ni lilelile, kwahiyo nimechagua haya machache, na ambaye swali lake halimo asome majibu ya wenzake kwanza, uwezekano mkubwa jibu lake limo humu.

Swali: Kampuni ya dishi inatangaza chaneli 110 za HD, ya kebo inasema ina 65. Si iko wazi kwamba dishi ndo bora?

Haiko wazi hata kidogo, ndugu yangu. Hiyo namba ya kwenye tangazo imepigwa hesabu na watu wa mauzo. Kaa chini na orodha yao uisome jina kwa jina utaona mwenyewe: humo kuna chaneli za filamu za kulipia moja moja, filamu ileile inaanza saa moja kwenye chaneli hii na saa moja na nusu kwenye ile ya pili, basi hizo wamehesabu mbili. Kuna chaneli za michezo za mikoa ambazo kwako zimefungwa kwa sababu ya haki za matangazo, huwezi kuzifungua hata ulipie, ila zimehesabiwa. Kuna inayofunguka siku ya mechi tu, siku zingine zote ni bango limeganda. Kuna zinazorudia ratiba ya chaneli nyingine saa moja baadaye. Na kebo nao wana ujanja wao, wanachanganya chaneli na vile vipindi vya kuchagua mwenyewe halafu wanaviita "chaguo za HD", namba inafika mamia.

Mashindano haya ya namba yalipamba moto Marekani mwaka 2007, kampuni ya dishi ya DirecTV waliporusha setalaiti yao ya DirecTV 10 na kujitangaza kwa chaneli 100 za HD. Kampuni hiyohiyo kabla ya hapo iliwahi kurusha baadhi ya chaneli kwa pikseli (nukta za picha) 1280 kwa 1080 badala ya 1920 kwa 1080, yani theluthi moja ya nukta za upana imeondolewa, na bado iliitwa HD na kuhesabiwa HD. Wateja wenye macho walilalamika sana.

Unachotakiwa kuuliza ni kila chaneli imepewa data kiasi gani. Kebo ya mfumo wa Marekani, kipande kimoja cha masafa cha megahezi 6 kinabeba kama megabiti 38 kwa sekunde, ukienda kwenye mifumo ya megahezi 8 ni kama 50. Transponda moja ya setalaiti, yani kile kipokezi kinachorusha tena signo chini, kwa mfumo wa kurushia wa DVB-S2 inabeba kati ya 40 na 60 hivi kutegemea walivyoipanga. Hiyo ndo nafasi yenyewe na haiongezeki kwa tangazo. Bomba ni lilelile, ukilitoboa matundu mengi kila tundu linatoa kidogo. Ukiweka chaneli 2 zilizobanwa kwa MPEG-2, njia ya zamani ya kubana picha, kwenye megabiti 38 picha inapendeza, ukisukuma ya 3 inaanza kuumia. Kwa MPEG-4, njia mpya zaidi, unahitaji karibu nusu ya data kwa ubora uleule, ndo maana kampuni iliyohamia MPEG-4 inaweza kuwa na chaneli nyingi na picha bado nzuri, na kampuni iliyobaki kwenye MPEG-2 huku inaongeza chaneli kila mwezi uikimbie.

Kwahiyo chukua karatasi, andika chaneli 10 ambazo nyumbani kwako zinatazamwa kweli, sio mnazotamani kutazama. Weka alama kampuni ipi inazo kwa HD na kwenye kifurushi gani. Mara nyingi utakuta zote mbili zina 8 au 9 na zile 100 zingine hazikuhusu.

Swali: Nimenunua TV ya HD, je sasa naangalia HD?

Kila wiki! Hapana. TV ya HD haigeuzi matangazo kuwa HD. Unatakiwa uwe na king'amuzi cha HD, kifurushi chenye chaneli za HD, uwe umefungua chaneli ya HD yenyewe (nyingi zina namba mbili, ya kawaida na ya HD, na watu wanabonyeza ile waliyoizoea), na waya unaoweza kubeba HD. Ukikosa kimoja kati ya hivyo unaangalia picha ileile ya TV ya chogo kwenye kioo kikubwa, na hapo itaonekana mbaya zaidi maana kila kasoro imekuzwa.

Swali: Fundi ameniunganishia king'amuzi cha HD kwa zile waya tatu, njano nyekundu na nyeupe. Picha sio kali. Niihame kampuni?

Usihame kokote, toa hizo waya. Ile ya njano haibebi HD kabisa, haijalishi king'amuzi ni cha kampuni gani. Weka waya wa HDMI, huo mmoja unabeba picha ya HD na sauti. Ukishaweka ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta sehemu ya kutoa picha, usishangae ukikuta imewekwa 576 au 480, yani mistari ya picha ya kawaida isiyo HD, tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeigusa. Weka 1080i. Halafu kwenye TV yenyewe zima ile zumu inayokata kingo za picha. Mafundi wengi wanafunga dishi vizuri kabisa, wanapata signo, wanaondoka bila kugusa hiyo menyu, na mteja analipia HD mwaka mzima bila kuiona hata siku moja. Hili linaniudhi kuliko yote kwenye hii kazi. Kabla fundi hajatoka mlangoni mwambie akuonyeshe kwenye TV, kile kitufe cha taarifa kwenye rimoti, imeandikwa 1080 au 720. Kama haijaandikwa hivyo asiondoke.

Swali: HDMI ya bei mbaya ina picha nzuri zaidi?

Kwa mita mbili tatu, hapana. Ikifanya kazi imefanya kazi.

Swali: Mvua ikinyesha chaneli za HD zinapotea lakini za kawaida zinabaki. Kwani mvua inachagua? Na je kebo haina tatizo hili?

Swali zuri hili. Matone ya mvua yanakula signo, na kadri masafa yanavyokuwa juu ndo yanaliwa zaidi. Bendi, yani kundi la masafa, ya Ku iko kama gigahezi 12, ya Ka iko kama 20 na inaumia zaidi, ya C iko kama 4 na haisumbuliwi sana ila inataka dishi kubwa. Sasa chaneli za kawaida kwenye kampuni nyingi bado zinarushwa kwa mfumo wa zamani ambao unavumilia signo dhaifu, wakati za HD zinarushwa kwa mpangilio unaobeba data nyingi zaidi, na huo unataka signo safi. Ikishuka kidogo tu chini ya kiwango, picha inaanza kukatakata, vinatokea vile viboksi, halafu kimya. Digitali haichoki taratibu kama analogi iliyokuwa inaleta chenga, ipo au haipo.

Ila mvua ya kawaida haitakiwi kukuzimia TV. Kama kila manyunyu unapoteza HD basi dishi lako halijalenga sawasawa, signo ilikuwa inaning'inia hata jua likiwaka. Ingia kwenye ukurasa wa signo, angalia ile mita ya ubora, sio ile ya nguvu. Nguvu inaweza kusoma 90 hata dishi likiwa limelenga setalaiti nyingine kabisa, na watu wanaishangilia. Kagua pia kichwa cha waya pale nyuma ya LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea signo, maji yakiingia humo yanashuka ndani ya waya na hiyo waya ni ya kutupa.

Kebo haiogopi mvua ya angani lakini ina magonjwa yake. Kila ukigawanya waya kwenda vyumba viwili unapoteza zaidi ya nusu ya nguvu kwa kila upande, na nimeona nyumba zenye mgawanyo juu ya mgawanyo, wa kwanza ukutani, wa pili nyuma ya kabati, halafu mtu analaumu kampuni. Vichwa vilivyolegea, waya uliopindwa kwenye kona, kipaza signo cha mtaa kilichochoka, vyote vinaleta viboksi vilevile. Na nguzo ikianguka mtaa mzima umezimika, mwenye dishi anaendelea kuangalia.

Swali: Ipi bora, 720p au 1080i? Rafiki yangu anasema 720 sio HD halisi.

Mwambie rafiki yako ni HD halisi. 1080i ina pikseli 1920 kwa 1080, jumla zaidi ya milioni 2, lakini haziji zote kwa pamoja, inaleta mistari 540 halafu mistari 540 mingine, kwa zamu. 720p ina 1280 kwa 720, kama laki 9 hivi, ila kila fremu inakuja nzima, mara 50 au 60 kwa sekunde. Kwahiyo kwenye kitu kinachokwenda kasi, mpira, mbio za magari, 720p inatulia vizuri, kwenye filamu na makala za wanyama 1080i inaonyesha undani zaidi. Vituo vya TV vya ESPN na ABC kule Marekani walichagua 720p, NBC na CBS wakachagua 1080i, na wote walikuwa na sababu zao.

Lakini nirudi palepale kwenye data. 720p iliyolishwa vizuri inaishinda 1080i iliyonyimwa, kila siku. Kipimo changu ni majani ya uwanja. Kamera ikitulia uwanja wowote unapendeza, ngoja golikipa apige mpira mrefu na kamera izunguke kwa haraka kuufuata, kama majani yanageuka rangi moja ya kijani kama yamepakwa, halafu sekunde moja baadaye yanarudi kuwa majani, chaneli hiyo imebanwa. Angalia pia yale maandishi yanayopita chini, kingo zake zikiwa na vumbi vumbi jibu ni hilohilo. Fanya hivi kwa mechi moja, chaneli moja, kwako na kwa jirani mwenye kampuni nyingine, jioni ambapo chaneli zote ziko na vipindi vizito, kwa sababu chaneli zinazokaa kwenye transponda moja zinagawana data na moja ikihitaji sana zingine zinaminywa.

Swali: Jirani yangu wa kebo anashangilia goli kabla yangu mimi wa dishi. Ni umbali wa setalaiti?

Setalaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, signo kupanda na kushuka ni kama robo sekunde. Kilichobaki chote ni mitambo ya kubana picha na king'amuzi chako. Na ujue kwamba kebo nyingi nazo zinachukua chaneli kutoka setalaiti, wanazipokea kwenye kituo chao halafu baadhi yao wanazibana upya, kwahiyo ukisikia "kebo haina kupoteza ubora" uliza kwanza kama wanabana mara ya pili.

Swali: Chaneli imeandikwa HD lakini watu wanaonekana wanene.

Hiyo ni picha ya zamani ya nne kwa tatu imevutwa ijaze kioo. Jina ni la HD, kipindi sio. Afadhali chaneli inayoacha weusi pembeni kuliko hiyo, na hiyo nayo iondoe kwenye ile karatasi yako ya 10.

Swali: Nirekodi HD kwenye diski ya USB, itanimalizia nafasi?

Kwa megabiti 8 kwa sekunde saa moja inakula gigabaiti 3.6, kwa 15 inakaribia 7. Diski ya gigabaiti 500 inatosha sana. Ila kuna jambo hukuliuliza: vingi ya ving'amuzi hivi vinafunga rekodi kwa namba ya king'amuzi chenyewe. Kikiungua, au ukihama kampuni, kile ulichorekodi hakifunguki kwenye kompyuta wala kwenye king'amuzi kingine hata cha aina ileile. Kama ni harusi ya ndugu yako iliyoonyeshwa kwenye TV, omba nakala kwa waliorekodi, usitegemee hiyo diski.