Pointi Tatu Peke Yake Hazitoshi

Juzi kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nina Division One ya pointi tatu, PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), na vyuo vyote vya Marekani nilivyoomba vimenikataa. Tatizo ni nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome.

Mimi nilisoma huko kwa ufadhili kamili. Mwalimu mmoja aliwahi kusema mbele ya darasa zima kwamba Marekani si kwa watoto wa shule kama yetu, na maneno yale mpaka leo yananiuma. Nilipofika nikapata kibarua cha wanafunzi kwenye ofisi ya udahili, nikaanza kuwadadisi maofisa wanavyosoma maombi.

Maombi yako kwa kawaida husomwa kwanza na ofisa anayeshughulikia ukanda wako, mara nyingi Afrika nzima. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, anayajua. Anajua pointi tatu maana yake ni A tatu. Lakini wenye A mezani kwake ni wengi, kwa hiyo anauliza swali jingine: kwa shule aliyosoma, huyu amefanya nini? Ndiyo maana wanataka maelezo ya shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha nini, inatoaje alama. Mkuu wa shule akiacha sehemu hiyo wazi, ofisa atajuaje kwamba maabara yenu haikuwa na kitu?

Halafu barua za walimu. Nyingi zinazotoka kwetu zinasema mwanafunzi ana nidhamu na anaheshimu wakubwa. Basi! Mwalimu wangu wa Kemia, Mungu ambariki, aliandika kwamba litmasi, zile karatasi za kupimia asidi na besi, zilipoisha nilichemsha rosela, nikaonyesha wenzangu maji yake yakiwa mekundu kwenye limao na kugeuka kijani kwenye maji ya sabuni. Ofisa aliyesoma maombi yangu aliniuliza habari za rosela siku ya kwanza tu tulipokutana. Alama zangu hakuzitaja.

Na kuna suala la pesa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wako wa kulipa wanapochagua wa kumpokea, hata kama hutoki Marekani. Vyuo vingi vingine vinaangalia. Kamati inaweza kukupenda kabisa, fungu la ufadhili likawa limeisha, ukakataliwa. Usijione hufai.

Jamani wadogo zangu, acheni kuabudu pointi! Fanyeni kitu pale mlipo, na mwalimu akione kwa macho yake. Insha yenu ya maombi, ile isiyozidi maneno 650, isimulie kitu hicho hicho kwa sauti yenu, siyo maneno ya kununua kwa wakala. Mwalimu mwombeni barua mapema, Oktoba hivi, na kama hana barua pepe kaeni naye mumfungulie. Vyuo vingi vinafunga maombi mwanzoni mwa Januari, na Desemba shule zimefungwa, mwalimu yuko kijijini kwao ambako mtandao unasumbua.