Jeni INO1 haiwaki kwenye hamira: kagua kopo kwanza

Salama ndugu. Unasema INO1, jeni inayoiwezesha hamira kujitengenezea inositoli (kirutubisho cha jamii ya sukari), imezima hata kwenye chupa ambayo hukuiongezea inositoli. Soma kibandiko cha unga wako wa kuoteshea: ule wa kawaida tayari una inositoli, 2 mg kwa lita, inayoweza kuibana jeni hiyo kwa kiasi. Hapa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tunaagiza usio nayo.

Inositoli ikiwepo, seli hutumia asidi ya fosfatidi (mafuta ya utando) kwa kasi kutengeneza fosfatidilinositoli, mafuta mengine ya utando. Asidi hiyo ndiyo inayoishikilia Opi1, protini inayozima INO1, kwenye utando. Ikipungua, Opi1 huingia kwenye kiini na kuzibana Ino2 na Ino4, protini zinazoiwasha INO1.

Pia osha vizuri mbegu (seli za kuanzishia chupa) kama ulizikuza kwenye dondoo la hamira, maana lina inositoli nyingi. Na ulivuna seli lini? Seli zikishaacha kukua, INO1 hushuka yenyewe.