Tukishaskani, karatasi tuzichome?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi ya masomo ya chuo kimoja cha umma hapa Malindi. Makabati yetu yamejaa kumbukumbu za vikao vya bodi ya taaluma, mitaala ya zamani na barua za kuanzisha kozi. Kijana mmoja wa duka la kompyuta ameahidi kuziskani zote, azipange upya kwa mada, zilizochakaa azilaminishe, kisha karatasi zichomwe tupate nafasi. Tununue skana gani?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Skana ya kawaida ya ofisi yatosha. Kinachonitia hofu ni kiberiti. Sheria ya nyaraka za umma, Sura ya 19 ya sheria za Kenya, inakataza kuteketeza nyaraka za umma bila idhini ya Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa. Kijana huyo hana idhini hiyo, na mkuu wa chuo pia hana.

Lakini hilo la kupanga upya kwa mada ndilo linaloniudhi zaidi, maana nalisikia kila chuo. Faili la kozi lina mpangilio wake: ombi la idara, rasimu ya mtaala, maoni ya mtahini wa nje, kisha kikao kilichopitisha. Nimewahi kushika nakala ya kaboni, karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ambayo msajili aliandika pembeni kwa penseli kwamba kozi isianze hadi maabara ipate mafundi. Ilikuwa imeskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tu, na penseli haikuonekana kabisa. Anayesoma nakala ile ataona kozi imeidhinishwa, atafute wanafunzi wa mwaka ule asiwapate, aseme rekodi zimepotea.

Mtu akija na cheti cha kozi iliyobadilishwa jina, mtaala peke yake haumsaidii. Anahitaji kumbukumbu za kikao kilichoamua kwamba kozi ya zamani ni sawa na hii ya sasa. Watazameni jirani zetu wa Kilifi: Chuo Kikuu cha Pwani kilikuwa chuo kishiriki cha Kenyatta tangu 2007 hadi kilipopata hati yake 2013. Ukitaka kujua kozi ya miaka ile iliidhinishwa vipi, lazima ufuate barua kati ya vyuo viwili. Mkizitawanya kwa mada, nani atazifuata?

Kulaminisha msikubali hata kidogo. Gundi ikishashika kwa joto haitoki tena bila kuharibu karatasi. Afadhali toeni pini za stepla, kwa kuwa hewa ya chumvi huku huzila haraka na kutu hutoboa karatasi. Makabati yasogezwe mbali na ukuta, na unyevu wa chumba usizidi asilimia 60, la sivyo ukungu utaingia.

Hawa wanaouza “ofisi bila karatasi” wanazunguka vyuo vingi. Wanaacha diski moja yenye mafaili yaliyopewa namba tu, bila jina wala tarehe ya kikao, na wakishalipwa simu hawashiki. Diski ikifa, na karatasi zimeshakuwa majivu, chuo hakina pa kuanzia.

Mkimpa kazi, mkataba useme hivi: askani kwa rangi, kwa mpangilio wa faili lilivyo, nakala zihifadhiwe mahali patatu, pamojawapo pawe nje ya Malindi, na asitoe hata karatasi moja nje ya geti.