Mzigo Umefika, Sasa Naambiwa Niongeze Hela

"Dada, mzigo nimeuona ila naambiwa niongeze elfu nane ndiyo wanipe. Mbona hukuniambia?"

Ujumbe huo ulinikuta stendi ya Nyegezi, Mwanza, nikipakia mzigo mwingine. Mteja yuko Dar es Salaam, ameagiza vikapu viwili na mkoba wa kitenge, na nauli ya mzigo alishanitumia pamoja na ya kutolea. Nilikasirika. Nikamjibu kwamba nimelipia kila kitu, risiti ninayo, asikubali kutoa hata mia. Akabishana na watu wa ofisini nusu saa nzima, mwisho akalipa, akachukua mzigo wake. Hakuniagizia tena.

Baadaye nilimpigia wakala aliyeupokea mzigo, ndipo nikaelewa. Basi lilifika Mbezi usiku wa Alhamisi, mteja akaenda Jumatatu. Zile elfu nane zilikuwa za kutunziwa mzigo. Kwenye risiti yangu, kwa maandishi madogo chini kabisa, palikuwa na siku ambazo mzigo hukaa bure. Mimi sikuwa nimesoma, na mteja sikumwambia awahi. Kwa hiyo deni lile lilikuwa langu tangu mwanzo, na mimi nilimtuma mtu akagombane kwa ajili yake.

Nauza vikapu na mikoba kwa njia ya simu kutoka hapa Mwanza, picha naweka Instagram na WhatsApp, mali naifunga nyumbani. Katika kazi hii nimekuja kuamini kitu kimoja: gharama inayomshtua mteja siku ya kupokea, mara nyingi ilikuwa inajulikana siku ya kulipia, ila hakuna aliyeuliza. Na wa kuuliza ni sisi wauzaji, maana mteja anaijua bei tuliyomtajia tu.

Anza na safari za hapa nchini, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakopoteza hela bila kuona. Mzigo wa kwenda Dar unapita mikono mingi kuliko tunavyohesabu. Kuna bodaboda wa kuutoa nyumbani mpaka stendi, kuna ofisi ya basi, kuna vijana wa kupakia. Ukifika kule kuna wa kushusha, kuna kutunziwa ukichelewa, halafu bodaboda au bajaji ya kumfikishia mteja mlangoni. Ukimwambia mteja "usafiri elfu saba", yeye anaelewa elfu saba mpaka mlangoni kwake. Wewe ulimaanisha mpaka kituo cha Mbezi. Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake, lakini ugomvi tayari umeshapandwa. Siku hizi naandika mpaka wapi: "Elfu saba ni mpaka ofisi ya basi Mbezi. Kutoka hapo ni juu yako. Mzigo unafika Alhamisi usiku, uchukue kabla ya Jumamosi." Nimeona maneno hayo machache yanaokoa kuliko punguzo lolote la bei.

Jambo jingine ni kumuuliza anayekutoza kila shilingi anayotaka ni ya nini. Kwa muda mrefu mtu niliyekuwa nikimpa mizigo ya Sengerema alikuwa ananiongezea elfu mbili, anaiita "ya feri". Sikuwa na neno, maana magari yalivuka kwa kivuko pale Kigongo na kila mtu aliiona foleni yake. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, magari yakaanza kupita juu ya maji bila kusubiri chombo. Mimi nikaendelea kulipa "ya feri" miezi mitatu mizima. Siku nilipomuuliza kwa upole, "Kaka, hii ya feri bado ipo, na gari linapita darajani?" alinyamaza kidogo, akasema basi tutaitoa. Sikumlaumu sana, nilijilaumu mwenyewe. Gharama ikishazoeleka hudumu hata sababu yake ikiondoka. Ni juu yako kuirudia hesabu mara kwa mara.

Mizigo ya Nansio, Ukerewe, ni ya majini. Uliza ya meli, ya mchukuzi upande huu na ya mchukuzi upande ule, umtajie mteja zote pamoja.

Sasa twende kwenye jambo lililonigharimu kuliko yote, na ambalo wauzaji wengi wa vikapu, mito, kofia na mapambo hawaambiwi: mzigo mwepesi unaweza kutozwa kama mzigo mzito. Niliuza vikapu vitatu vikubwa kwa mteja aliyeko Hamburg, Ujerumani. Nilivipima kwa mizani ya kuning'inia, pamoja na boksi vikawa kilo 3 na nusu. Nikaangalia bei ya kilo 4, nikamtajia mteja, akalipa. Nilipofikisha mzigo ofisini, mhudumu akatoa tepu, akapima boksi: urefu sentimita 45, upana 45, kimo 40. Akabonyeza kikokotoo, akaniambia mzigo huu ni kilo 16.

Nilidhani amekosea. Hakukosea. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha hugawa kwa 5000, halafu hulinganisha jibu na uzito wa kwenye mizani. Kubwa kati ya hivyo viwili ndilo utakalolipia. Yangu ilikuwa 45 mara 45 mara 40, ambayo ni 81,000. Gawa kwa 5000, unapata 16.2. Sababu yao inaeleweka ukiitafakari: ndege ina nafasi yenye mpaka, na boksi langu lililojaa hewa lilikuwa linachukua mahali pa boksi la mtu mwingine lenye mali ya kilo 16.

Nauli mpya ilizidi bei ya vikapu vyenyewe. Nilirudi nao nyumbani kwenye bodaboda nikiwa nimeukumbatia mapajani, nikalala bila kula.

Kesho yake nilivitoa vyote nikavitandaza sakafuni. Vilikuwa vya ukili laini, vinakunjika. Mama mmoja anayenisukia, wa huko Misungwi, alishaniambia zamani kwamba kikapu kizuri hulazwa kikasimama tena, ukikinyunyizia maji kidogo na kukiacha kivulini. Nikavilaza kimoja juu ya kingine, nikakata boksi mpaka kimo cha sentimita 15. Hesabu ikawa 45 mara 45 mara 15, yaani 30,375, na ukigawa kwa 5000 unapata kilo 6 na kidogo. Kutoka 16 mpaka 6, mali ni ile ile. Tofauti iliyobaki nililipa mimi, kwa sababu bei niliitaja mimi. Ndani ya boksi niliweka karatasi ya kumweleza mteja namna ya kukisimamisha kikapu.

Si kila msafirishaji anagawa kwa 5000, na si kila mmoja anatazama ukubwa. Ndiyo maana uulize swali hili hili kabla ya kumtajia mteja bei: "Mnatoza kwa uzito wa mizani au kwa ukubwa wa boksi? Mnagawa kwa ngapi?" Na pima mzigo ukiwa umeshafungwa, na selotepu juu. Katoni tupu nililowahi kupima lilikuwa gramu 900. Ukipima mkoba peke yake ukapata kilo 1 na gramu 600, ukadhani uko ndani ya kilo 2, boksi litakuvusha mpaka daraja la bei linalofuata. Mizani na tepu ya fundi cherehani havikosekani mezani kwangu, na kila mzigo naupiga picha ukiwa juu ya mizani namba zikionekana. Picha hiyo imeshanisaidia mara mbili nilipoletewa bili ya "tumepima upya". Moja walikubali kosa na kuifuta. Nyingine kosa lilikuwa langu, nikalipa.

Mteja yule wa Hamburg alipata mshtuko wa pili ambao sikuutegemea kabisa. Mzigo ulipofika kwao alitakiwa kulipa kodi ndipo apewe. Niliposoma nikakuta kwamba tangu Julai 1, 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliokuwepo kwa mizigo midogo isiyozidi euro 22. Tangu hapo, mali iliyouzwa kutoka nje hutozwa kodi hiyo hata ikiwa ya bei ndogo, na kwa Ujerumani kiwango cha kawaida ni asilimia 19. Inapigwa kwenye bei ya mali pamoja na nauli. Vikapu vya euro 80 na nauli ya euro 40 ni 120, kodi yake euro 22 na senti 80. Juu ya hapo anayefikisha mzigo anaweza kuongeza ada yake ya kushughulikia forodha. Marekani nako, msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 ulisimamishwa Agosti 29, 2025, kwa hiyo aliyezoea kupokea bila kulipa chochote sasa anaweza kudaiwa.

Kuna wenzetu watakushauri uandike "zawadi" kwenye fomu ya forodha, au uandike dola 5 mahali pa dola 60. Nakuomba usifanye. Ni kusema uongo mbele ya forodha, mzigo unaweza kuzuiwa, na ukipotea utalipwa fidia ya hizo dola 5 ulizoandika. Andika bei aliyolipa mteja na useme ni bidhaa iliyouzwa. Pia kwenye fomu za vifurushi vya posta kuna sehemu ya kuchagua mzigo ukikataliwa ufanyweje, urudishwe au utelekezwe. Isome kabla ya kuweka alama. Ukichagua urudishwe, nauli ya kurudi inaweza kukuangukia wewe, na kwa kikapu kimoja inaweza kuzidi thamani yake.

Na kama gharama imeshatokea, mteja yuko dirishani amenuna, ufanyeje? Kwanza mwombe akutumie picha ya karatasi aliyopewa, usibishane kwa kusikia. Kisha jiulize kama gharama hiyo uliijua au ungeijua kwa kuuliza. Kama jibu ni ndiyo, ilipe wewe, hata kama inakula faida yote. Kodi ya nchi anayoishi mteja ni yake, lakini kumwambia mapema ni wajibu wako, na kama hukumwambia, ubebe sehemu. Yule wa Hamburg nilimrudishia nusu ya alichotozwa. Kama kosa ni la msafirishaji, wewe ndiye wa kufuatilia, kwa kuwa risiti iko mkononi mwako na jina la mtumaji ni lako. Usimwachie mteja.

Sasa kabla sijapokea hela ya mtu wa mbali namtumia ujumbe mmoja. Wa mwisho niliutuma juzi kwa mteja wa Leeds, Uingereza, na ulikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Vikapu viwili ni bei tuliyokubaliana. Boksi nimeshalifunga na kulipima, picha hii hapa. Nauli ni mpaka mlangoni kwako, na ikizidi hapo ni juu yangu. Kodi ya huko haimo kwenye hesabu hii. Tafadhali ulizia kwanza, ukiona inakufaa ndipo utume."

Alikaa siku mbili kimya. Siku ya tatu akapiga, akasema ameulizia, akaomba niongeze kikapu cha tatu kama boksi halitapanda kimo. Nilikilaza juu ya vile viwili, nikapima. Kimo kimepanda sentimita 3.