Kabla ya kubonyeza Enter kwenye mdadm, angalia modi

Wengi wanaoanza kutunza safu za diski (RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) kwenye Linux huokota mahali amri ya mdadm, programu ya kusimamia safu hizo, wakabadilisha majina ya diski, wakabonyeza Enter. Mara nyingi inakubali. Balaa huja siku diski inapokufa na data ya watu inaning'inia, halafu amri uliyoiokota iliandikwa kwa kazi nyingine kabisa. Ndiyo maana kila ninayemfundisha namsihi aelewe kwanza amri hizi zinavyopangwa, kabla ya kukariri hata moja.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Neno la kwanza baada ya mdadm ndilo linaloamua modi, yaani aina ya kazi. Kisha huja jina la safu, kisha maelezo yake, na diski hukaa mwisho:

mdadm --create /dev/md0 --level=5 --raid-devices=3 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1

Ukianza moja kwa moja na jina la safu, mdadm huelewa kwamba unataka kusimamia safu ambayo tayari inafanya kazi:

mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1 --remove /dev/sdc1

Modi ndiyo inayozipa herufi fupi maana yake, na hapo ndipo watu huumia. Chukua -f. Unapounda au kukusanya safu, ni --force, kulazimisha. Unaposimamia safu, ni --fail, kuitangaza diski kuwa imeharibika. Kwenye modi ya ufuatiliaji, ni --daemonise, kuiacha programu iendelee kazi chinichini. Kwa sababu hiyo mimi huandika maneno kamili yenye vistari viwili, hata nikiwa na haraka. Hasa nikiwa na haraka.

Sasa jambo ambalo ningependa likukae kuliko yote: tofauti ya --create na --assemble. Seva ikiwaka na safu isionekane, diski huwa bado zina maelezo yake. Kila moja imebeba kumbukumbu ndogo inayosema ni ya safu ipi na inakaa nafasi ya ngapi. Isome:

mdadm --examine /dev/sdb1

Kisha kusanya safu kwa mdadm --assemble --scan. Usikimbilie --create. Amri hiyo haitafuti safu ya zamani. Inaandika kumbukumbu mpya juu ya ile iliyokuwepo. Kwenye RAID 5, aina ya safu inayovumilia kifo cha diski moja tu, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kwa kawaida mdadm huanza safu mpya ikiwa pungufu, kisha huijenga upya diski ya mwisho uliyoitaja kutokana na zile nyingine. Ukikosea mpangilio wa diski, diski hiyo inaandikwa upya kwa data isiyo na maana. Mdadm hukuonya kwamba diski inaonekana kuwa ndani ya safu nyingine na kukuuliza kama uendelee. Onyo hilo likitokea na hukulitarajia, kataa.

Kubadilisha diski iliyokufa nako kuna mtego wake, na mtego wenyewe uko kwenye majina. Diski inayoitwa sdc leo inaweza kuwa sdb baada ya kuwasha upya. Angalia kwanza hali ya safu:

cat /proc/mdstat

Ukiona [3/2] [UU_], maana yake safu ya diski tatu imebaki na mbili. Alama hizo zinafuata nafasi ndani ya safu, si alfabeti ya majina, kwa hiyo usihesabu kwa macho ukadhani umeijua diski. Tumia mdadm --detail /dev/md0 upate jina, kisha lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL upate namba iliyochapwa kwenye lebo ya diski yenyewe. Iandike. Chomoa ile yenye namba hiyo tu. Kwenye RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski moja, kuchomoa nyingine nzima kunaisimamisha safu yote.

Diski ambayo bado inatumika haitoki kwa --remove peke yake. Utajibiwa kwamba kifaa kina shughuli. Itangulize --fail. Ukishaweka mpya na kuigawa sehemu (partition) sawa na zile nyingine, mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1 inatosha, na /proc/mdstat itakuonyesha asilimia ya ujenzi ikipanda. Hakikisha tena jina hapo pia, kwani diski mpya si lazima ipewe jina la ile iliyotoka.

Na chelezo, yaani nakala ya akiba ya data, iwepo kabla ya yote haya. RAID kama hii huvumilia kifo cha diski, lakini faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye diski zote kwa pamoja.

Jambo la mwisho wengi huliacha kwa sababu safu inaonekana nzima. Weka anwani yako ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, faili la mipangilio ya mdadm, kisha endesha:

mdadm --monitor --scan --oneshot --test

Kila safu inapaswa kukutumia barua ya majaribio. Isipofika, rekebisha utumaji wa barua leo hii, wakati diski zote bado ni nzima.