Msomaji Anauliza: Fedha za Utafiti wa Kilimo Hai Pemba

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi Wilaya ya Wete na pia ni katibu wa kikundi cha wakulima, wengi wao akina mama, wanaolima tungule na bamia bila ya dawa wala mbolea za viwandani. Tunataka kuthibitisha kama mboji na maji ya majani ya mwarubaini yanatosha kuilinda tungule wakati wa masika, kisha tuwafundishe wanafunzi yatakayopatikana. Nimesoma kuwa Marekani kuna mifuko inayogharimia utafiti wa kilimo hai. Je, nasi tunaweza kuomba? Ikiwa haiwezekani, tuelekee wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Mifuko inayotajwa sana huko ni Organic Farming Research Foundation, iliyoanzishwa California mwaka 1990, ambayo fedha zake zimekuwa zikielekezwa kwa utafiti unaofanyika Amerika Kaskazini, na SARE, mpango ulioanza 1988 kwa fedha za Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa ajili ya wakulima na watafiti wa nchi hiyo. Kwa hivyo msijaze fomu zao. Hata hivyo nakushauri uyasome maelekezo ya SARE kwa wakulima, kwa sababu yanadai jambo ambalo maombi mengi ya kwetu hulikosa: mkulima mwenyewe ndiye anayeuliza swali, jaribio linafanyika shambani kwake, na ombi linaeleza tangu mwanzo vipi majirani watafikishiwa matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Kwa kikundi kama chenu, mlango wa kwanza ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza 1992 na inayotekelezwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Ruzuku zake huenda moja kwa moja kwa vikundi na jumuiya, ambazo kwa miaka mingi kwa kawaida hazikuzidi dola 50,000 kwa mradi, na kamati ya kitaifa ndiyo inayoamua. Lengo lake ni mazingira, kwa hivyo ombi linalozungumzia soko la tungule peke yake halitafika mbali. Elezeni hali ya udongo wenu na dawa mnazoziepusha na visima. Programu hiyo hutarajia pia mchango wa kikundi, na mchango huo si lazima uwe fedha, basi samadi, shamba na siku za kazi za akina mama ziandikwe kwa thamani yake.

Mlango wa pili ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, lakini huko mnahitaji mtafiti wa taasisi, kwa mfano kutoka Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, ZARI, au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kabla ya kutia saini, kubalianeni kwa maandishi nani atahifadhi takwimu na kikundi kitapata fungu gani la fedha, kwani si haki mkulima atoe shamba na jasho kisha asiyaone hata matokeo. TOAM, jumuiya ya kilimo hai Tanzania iliyoanzishwa 2005, itakufaeni zaidi kwa mafunzo na mambo ya Kilimohai, alama ya kuthibitisha mazao ya kilimo hai, kuliko kwa ruzuku.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko orodha ya wafadhili, nalo ni swali lenu lenyewe. Mmechanganya vitu viwili. Mkitia mboji na mwarubaini katika kitalu kimoja, hamtajua ni kipi kilichosaidia, na msomaji wa ombi ataliona hilo mara moja. Pangeni vitalu vinne, cha mboji tu, cha mwarubaini tu, cha vyote viwili na kisicho na chochote, kwa mbegu moja na siku moja ya kupandikiza, mpange kwa kura kipi kiwe wapi, na mrudie mpango huo kwa wakulima wasiopungua watatu. Isitoshe, mwarubaini ni dawa ya wadudu hasa, ilhali kinachoiangamiza tungule wakati wa masika mara nyingi ni bakajani, ugonjwa unaostawi katika unyevu, na mvua nayo huiosha dawa majanini. Mkijaribu masika peke yake mtaihukumu mwarubaini kwa kosa lisilo lake. Ombeni fedha za misimu miwili, masika na vuli.

Wanafunzi wasisubiri matokeo. Wao ndio wapime mvua na kuhesabu matunda yaliyooza, na gharama ya kipima mvua, daftari na mizani iingie katika bajeti kama elimu. Jarida la Mkulima Mbunifu, linalotoka kwa Kiswahili tangu 2011, lina mengi ya kusomesha darasani.

Kikundi kiwe kimesajiliwa na kiwe na akaunti yake ya benki. Akina mama wengi hulima kwenye shamba la kuazima, na udongo ukishatengenea mwenye shamba huweza kulitaka. Basi ombeni ruhusa ya maandishi ya misimu yote miwili, sheha akishuhudia, na nakala yake iambatanishwe na ombi.