Mleta mada, hiyo bajaji usiiuze

Salamu tutapeana mwishoni nafasi ikibaki.

Mleta mada umeandika kwamba una miaka 31, unaendesha bajaji yako mwenyewe hapo Mwanza, form four ulitoka na division four. Bajaji imepata mteja wa milioni 5 na laki 2, Ijumaa mnaandikishiana, Jumatatu unakwenda kulipa milioni 2 na laki 4 za kozi ya miezi sita ya kutengeneza tovuti, "ajira uhakika". Kisha ukauliza maswali manne: umri umekwenda au bado, uanze na lugha gani, laptopu gani ya laki sita, na wateja wa nje wanaolipa kwa dola wanapatikanaje. Wadau 23 wamekujibu na nusu yao wanagombana kuhusu RAM. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza swali la bajaji.

Mkuu, mimi niliuza. Tovuti ndiyo kazi yangu sasa hivi, inanilisha, nimeajiri vijana wawili, kwa hiyo sikukatishi tamaa ya kuacha usukani. Nakukatisha tamaa ya Ijumaa.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani. Mzee wangu alishona Tanga kwenye baraza la duka la Mhindi kabla mimi sijazaliwa, na niliposhindwa kwenda form five alinipa Singer yake ya kukanyaga akaniambia nenda Dar ukaone. Nikapata fremu Tandika. Nikaongeza ovaloki. Msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, nilikuwa nalala humohumo kwenye fremu juu ya mafurushi ya kaptula. Siyo maisha ya kutamaniwa ila kodi ya fremu ilikuwa inalipwa na mzee alikuwa anapata chochote kila mwezi.

Mwishoni mwa 2019 shemeji yangu akanipeleka kwenye semina. Ukumbi una kiyoyozi, maji ya chupa bure, tisheti bure. Mbele yuko bwana mmoja, suti imembana makwapani (jicho la fundi halifichi, ile ilihitaji kufunguliwa sentimita mbili kila upande), anaonyesha ukutani picha za dola. Akasema dunia nzima inatafuta watengeneza tovuti, miezi sita tu unaanza kulipwa. Nikanyoosha mkono nikauliza, mimi nina cherehani, nifanyeje? Akacheka kwa upole kabisa, akasema, "Ndugu yangu, cherehani ni teknolojia ya jana. Uza ya jana ununue ya kesho." Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga. Hilo la kupiga makofi ndilo linaloniuma kuliko hela.

Februari 2020, sare zilipoisha, nikauza. Singer ya mzee laki mbili na nusu. Ovaloki laki sita na nusu. Kilemba cha fremu laki tisa. Jumla milioni 1 na laki 8, ambayo kwa miujiza ya Mungu ndiyo ilikuwa ada kamili ya kozi. Mnunuzi wa vyote alikuwa fundi mmoja wa mtaa wa pili, mtu mzima, alihesabu noti taratibu halafu akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwona wa jana.

Darasa lilianza Februari 10. Tulikuwa zaidi ya arobaini, wengine wawili kwa kompyuta moja. Wiki ya kwanza tunasakinisha programu. Wiki ya pili bado tunasakinisha. Wiki ya tatu mwalimu, kijana ambaye naamini alisoma somo lenyewe usiku uliotangulia, akatuingiza kwenye React, zana ya wanaojua tayari kuandika kodi, watu ambao hatujui hata aya moja ya HTML, lugha ya msingi ya kuandika ukurasa wa tovuti, inafungwaje. Ni kama kumpa mwanafunzi wa ushonaji suti ya harusi kabla hajajua kupitisha uzi kwenye sindano. Wiki ya nne nikauliza ajira zenyewe ni za kampuni gani, nikaambiwa nina fikra hasi.

Katikati ya Machi serikali ikafunga shule kwa sababu ya korona, kesho yake vyuo. Kozi ikahamia WhatsApp. Mwalimu akawa anatuma voisi za dakika nane nane, nyuma yake unasikia jogoo. Mwezi ukaisha, kundi likafungwa, wakabaki admini peke yao wanaoweza kuandika, na admini hawakuandika. Hela? Tuliambiwa isome fomu, hairudishwi. Kweli ilikuwa imeandikwa, na kweli nilisaini. Julai nikatumiwa cheti kwenye simu. Jina langu limekosewa.

Sasa subiri hapa, maana ada siyo sehemu iliyoniua.

Unakumbuka Aprili 2020? Dar ikatoka amri mtu hapandi daladala bila barakoa. Barakoa za dukani hazishikiki bei. Ghafla mji mzima unataka barakoa za kitenge, zile vipande vya kitenge ambavyo Januari nilikuwa nafagia na kutupa jalalani. Mafundi wa Tandika hawakulala. Kila mwenye cherehani, hata ya kukanyaga, hata iliyokuwa imewekewa runinga juu, aliitoa nje. Barabarani buku, buku jero, zinagombewa. Na mimi, fundi wa miaka tisa, mtoto wa fundi, nimekaa chumbani na daftari limeandikwa "komponenti ni nini".

Yule fundi wa mtaa wa pili akanipigia. "Kijana, siku hizi si una nafasi?" Nikaenda. Akanikalisha kwenye Singer ya baba yangu. Nikaweka mguu kwenye pedali ikalia ule mlio wake, kii-ka, kii-ka, mkanda bado umeungwa kwa waya niliouunga mimi mwenyewe. Akanilipa mia kwa kila barakoa, yeye akawapa machinga kwa mia sita. Siku nzuri nashona themanini. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilishapiga, nilikuwa naipiga kila barakoa inapotoka chini ya sindano. Wala simlaumu yule mzee, kwanza ndiye pekee aliyeniuliza mara mbili.

Na mzee wangu Tanga akawa anapiga simu kila Ijumaa: cherehani inaendeleaje? Inaendelea vizuri baba. Sikudanganya, ilikuwa inaendelea vizuri sana.

Yule bwana wa suti nimemsamehe mara tatu. Kila nikiona bango lake jipya nafuta msamaha. Kwa sababu mimi ninayajua haya sasa: alichokuwa anauza ni kozi, tovuti hajawahi kumuuzia mtu hata moja. Tovuti ya kozi yenyewe ilikuwa kiolezo cha kununua, hata maandishi ya Kilatini ya mfano hawakuyafuta kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi". Mtu anayekwambia uuze kinachokulisha ili umlipe yeye, muulize yeye ameuza nini. Shemeji naye nilikuja kugundua alikuwa anapata kamisheni kwa kila kichwa. Bado tunakula naye Idi, nyama kubwa najipakulia mimi.

Turudi kwako, tufanye hesabu ambayo semina haifanyi. Umesema bajaji inakubakizia elfu 25 kwa siku baada ya mafuta. Siku 26 kwa mwezi, miezi sita, ni siku 156. Mara elfu 25 ni milioni 3 na laki 9. Jumlisha ada, milioni 2 na laki 4. Kozi yako haiuzwi milioni 2 na laki 4 mkuu, inauzwa milioni 6 na laki 3, na mwisho wake huna bajaji. Ile milioni 2 na laki 8 inayobaki mkononi usiihesabu kama akiba, utaila. Mtu asiye na kipato anakula akiba kama mchwa, huoni inapungua, unaona tu siku mlango umeanguka.

Mimi nilijifunza lini hasa? Nikiwa kibarua wa barakoa. Hapo ndipo penye kichekesho. Mchana nashona, usiku nanunua bando la usiku nasoma bure freeCodeCamp na W3Schools, tovuti za kujifunzia, kwenye simu iliyopasuka kioo, baadaye kwenye laptopu mtumba. Bure, mkuu, shilingi sifuri. Huyo aliyeanzisha freeCodeCamp mwaka 2014, Quincy Larson, alikuwa mwalimu na mkuu wa shule, alianza kujifunza kuandika kodi (ya kompyuta, siyo ya fremu) ana miaka kama 30. Basi swali lako la umri nimeshalijibu. Division four haijawahi kuulizwa na mteja wangu yeyote, wanauliza lini itakwisha.

Na cherehani ndiyo iliyonifundisha. Kuna kitu kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, kiliwatesa darasa zima la watu arobaini: unakipa kisanduku upana wa pikseli 300, unakuta kwenye skrini kina 344. Wote tukadhani kompyuta mbovu. Usiku mmoja nimetoka kukata mashati ikanijia yenyewe: 300 ni kipimo cha mwili, siyo cha nguo! Ukaongeza nafasi ya kupumua 20 kushoto na 20 kulia, ukaongeza pindo 2 na 2, unapata 344. Kila fundi anajua hukati kitambaa sawasawa na kiuno cha mtu. Kuna amri moja, box-sizing: border-box, inayoiambia kompyuta kwamba kipimo nilichotoa ni cha nguo iliyokwisha kushonwa. Nilicheka peke yangu hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Wewe na bajaji utapata yako. Mtu anayejua njia za panya za Mwanza saa kumi na moja jioni hatasumbuka kuelewa data inavyozunguka.

Lugha: anza HTML na CSS mpaka zikutoke puani, halafu JavaScript, ile inayoufanya ukurasa utende kazi. Usishangae mambo yake ya ajabu, Brendan Eich aliishona kwa siku kumi mwaka 1995 na mishono ya haraka bado inaonekana. Mengine yatafuata.

Lakini lililo kubwa ni wateja. Mteja wangu wa kwanza wa tovuti alikuja kushonesha. Mama mwenye mgahawa, alitaka aproni 12 za wafanyakazi, akaniona na laptopu pembeni ya mashine, akauliza hiyo ya nini. Nikamtengenezea kwa WordPress, programu ya kuunda tovuti bila kuandika kila kitu mwenyewe, laki tatu na nusu, nusu mbele kama tunavyofanya mafundi, sikati kitambaa bila advansi. Akamleta dada yake wa saluni. Shule iliyokuwa inanipa sare ikataka tovuti ya matokeo na fomu. Katika wateja wangu 11 wa mwanzo, tisa walinijua kwa sindano. Wawili waliobaki mmoja alinilipa, mmoja ni shemeji.

Wewe kwenye hiyo bajaji unabeba watu wangapi kwa siku? Wenye maduka, walimu, wauza samaki wa jumla, watu wa nyumba za wageni. Wamekaa nyuma yako dakika kumi na tano hawana pa kwenda. Mimi ningelipa hela kupata wateja wa namna hiyo. Wewe unataka kuwauza wote kwa milioni 5 na laki 2, kisha uingie darasani kungoja Mmarekani akutafute.

Kwa hiyo fanya hivi: endesha asubuhi mpaka saa nane, mpe deiwaka, dereva wa kushikia, jioni akuletee hesabu, jioni na usiku soma. Ukipata wateja watatu waliokulipa hela, siyo walioahidi, walioweka mkononi, hapo njoo tena humu tuzungumze kuhusu kuuza. Na hata hapo nitakwambia mpe mtu aiendeshe.

Singer ya mzee niliikomboa 2021. Niliiuza laki mbili na nusu, nikainunua laki nne. Nililipa bila kubishana, yule fundi akanirudishia elfu ishirini ya soda. Iko hapa ofisini, karibu na kompyuta, na vumbi la nyuzi linaingia kwenye kibodi vijana wanalalamika kila siku. Mzee alikuja Idi iliyopita, akaikagua, akashika ule mkanda wenye waya. Akasema naona hukuwahi kuutunza. Sijamwambia mpaka leo, na ninyi mlioko Tanga mnaonifahamu mnyamaze.

Huyo mnunuzi wa Ijumaa mwambie gia boksi imekufa. Ngoja nifunge, kuna suruali ya mtu inasubiri zipu.